Taa za Land Rover ya Zamani: Kagua Ethi Kabla ya Kununua Balbu

Kijitabu hiki ni cha wenye Land Rover za Series: II iliyotoka 1958, IIA ya 1961, na III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Aliyefika Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover alijionea mwenyewe kwamba magari haya hayajaenda makumbusho.

Injini yake fundi wa mtaani anaijua. Umeme ndio unaowasumbua wengi, hasa taa. Lawama hutupiwa Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vyake vya umeme, ambayo Waingereza wenyewe huitania kuwa ni mwana wa mfalme wa giza. Sisi tunaona utani huo umezidi. Gari la miaka 50 likikosa mwanga, mara nyingi kosa liko pale waya unapokutana na bodi.

Umeme lazima urudi

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi, huwasha balbu, kisha sharti urudi kwenye betri. Kwenda una waya wake. Kurudi hupitia chuma cha gari, na njia hiyo ndiyo mafundi wanaiita ethi. Sasa, Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu na chesisi ikabaki ya chuma. Vitu hivi viwili vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa. Tanga, Mombasa na Unguja, ambako upepo una chumvi, huliwa upesi zaidi. Fungua skrubu inayoshika waya wa taa ya nyuma utaukuta unga mweupe kama wa muhogo. Unga huo haupitishi umeme.

Umeme ukizuiwa kurudi hutafuta uchochoro. Zima taa zote, kisha mwombe mwenzako akanyage breki. Kama taa ndogo za mbele au za dashibodi zinawaka hafifu, ethi ya taa ya nyuma imekufa. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, wa breki wati 21 na wa taa ndogo wati 5, na zote hutumia ethi moja. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa breki hupenya uzi wa pili na kurudi kinyumenyume kwenye waya wa taa ndogo, ukiwasha kila kilicho njiani. Tumeona watu wakibadilisha balbu tatu, swichi ya breki na flasha ya indiketa kwa sababu ya skrubu moja yenye kutu.

Kupima

Washa taa inayosumbua. Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse ganda la balbu, nyingine iguse kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi. Isizidi volti 0.2. Ikisoma 1 au 2, ethi ni mbovu, huna haja ya kubahatisha. Huna mita? Chukua kipande cha waya, unganisha sehemu hizohizo mbili, utazame kama taa inaongeza mwanga.

Volti moja si jambo dogo. Taa ya volti 12 ikipata 10.8 hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake.

Dawa yake: fungua ethi ya betri kwanza, maana kwenye Land Rover nyingi fupi, zile za inchi 88, tangi la petroli liko chini ya kiti na cheche haina urafiki. Piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu. Lililo bora zaidi ni kuvuta waya mweusi mpya wa milimita 2 za mraba kutoka kila taa hadi kwenye chesisi, usiitegemee tena aluminiamu.

Kama ethi ni nzima

Rudi upande wa kwenda. Kwenye IIA, swichi ya kubadilisha full na dimu iko sakafuni karibu na klachi, inakanyagwa kwa mguu na kuogeshwa matope kila masika. Full ikiwaka na dimu ikagoma, anzia hapo.

Rangi za nyaya husaidia kama hakuna fundi aliyezichezea. Nyeusi ni ethi, nyekundu ni taa ndogo, buluu yenye mstari mweupe ni full, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Fundi aliyezoea Volkswagen aonywe mapema: kwa Wajerumani kahawia ni ethi, lakini hapa kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi. Akiifunga kwenye bodi itawaka moto.

Magari mengi ya kabla ya 1967 yamefungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Balbu ya kawaida haijali. Redio, alteneta na taa za LED zinajali sana.

Fyuzi

Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kila siku ni 17 tu. Ukiweka ya kisasa ya 35 umeweka ya ukubwa mara mbili. Karatasi ya sigara na msumari ni kuomba moto kwa jina lake.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba kwenye II na IIA taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Waya wake ukipiga shoti huungua wote mpaka kwenye swichi. Funga rilei na fyuzi, na kabla ya hapo usiweke balbu za wati 100. Mbili zinavuta karibu ampea 17, na swichi ya mwaka 1965 haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Taa moja ya mbele ikigoma usiku na ukashindwa kuitengeneza, egesha mpaka asubuhi. Anayekuja mbele yako atadhani wewe ni pikipiki, na atakuachia nafasi ya pikipiki.