Ini, Ghala la Vitamini A

Katika likizo ya mwaka jana nilikwenda kumtazama bibi yangu kijijini, upande wa Busoga, na huko nikaona jambo lililonifanya nisome somo hili kuliko nilivyopata kusoma lolote darasani. Mdogo wangu, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amepona surua wiki chache zilizopita. Aliuguzwa nyumbani tu. Mchana alicheza kama watoto wengine, lakini jua likichwa aliketi chini pale pale alipo, akamwita bibi aje amshike mkono. Tulidhani anadeka. Jioni moja akawa anatafuta kikombe kilichokuwa mbele ya magoti yake, akipapasa kama kipofu. Bibi akanyamaza kimya.

Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimtazama macho, akakata ncha ya kidonge laini chekundu, akamkamulia matone yake mdomoni. Akasema turudi kesho yake kwa kidonge cha pili, na baada ya wiki mbili kwa cha tatu. Siku ya tatu jioni mtoto alimfukuza kuku uani mpaka giza likaingia.

Nilibaki na maswali mawili. Mtoto huyu hula matembele kila siku, aliishiwaje? Na dawa gani hii inayotolewa mara tatu tu, ikatosha?

Kwanza yafaa kujua kwamba ndani ya matembele, mchicha na karoti hamna vitamini A yenyewe. Mna karotini, na utumbo ndio unaoigeuza kuwa vitamini A. Kwa kawaida huhesabiwa sehemu 12 za karotini ya chakula kuwa sawa na sehemu 1 tu ya vitamini. Tena vitu hivi viwili huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Chakula kisicho na mafuta hupita na karotini nyingi bila kutumika. Bibi hupika matembele kwa maji na chumvi, maana mafuta ni ghali. Maini, mayai na maziwa huwa na vitamini iliyo tayari, lakini hayo nayo hayaonekani kwake kila wiki.

Vitamini ikiisha kuingia utumboni husafiri pamoja na matone madogo sana ya mafuta mpaka kwenye ini. Humo mna chembe zenye umbo la nyota, ambazo Karl von Kupffer alizieleza mwaka 1876. Hizo ndizo ghala. Mtu mzima mwenye afya huweka katika ini lake zaidi ya theluthi mbili za vitamini A yote ya mwili, akiba ya miezi mingi. Vitamini C haiwekwi hivyo. Ikizidi hutoka katika mkojo.

Hapo nikafanya hesabu. Kidonge chekundu kina vipimo 200,000 vya kimataifa, yaani mikrogramu 60,000. Mtoto wa miaka mitatu ahitaji mikrogramu 300 kwa siku. Ukigawanya wapata siku 200. Hesabu hii ni ya juu juu, maana mwili hauhifadhi matone yote, lakini yaonyesha kwa nini watoto wadogo hupewa kidonge mara moja tu kila miezi 4 mpaka 6. Mdogo wangu alikosa zamu ya mwisho kwa kuwa alikuwa safarini na mama.

Sasa tazama ghala linavyolindwa. Vitamini haitoki katika ini peke yake. Ini hutengeneza protini maalum ya kuibeba, na kila kibebeo huchukua mzigo mmoja tu. Kwa njia hii kiasi cha vitamini katika damu hubaki karibu sawa, ghala likiwa limejaa au limepungua. Huanza kushuka pale akiba inapokaribia kwisha. Jambo hili ni zuri, lakini lina hila yake: mtoto huonekana mzima huku ghala likielekea kuwa tupu. Ikija surua, homa hutumia akiba upesi, nyingine hupotea katika mkojo, na mtoto mwenyewe hataki kula. Tena mtoto aliyekosa protini yawezekana ana akiba ndani, na ini likakosa vibebeo vya kuitoa.

Jicho ndilo hulalamika mapema. Nyuma ya jicho vitamini A huungana na protini kufanya rangi iitwayo rodopsini, inayotuwezesha kuona penye mwanga hafifu. Mwanga huivunja, nayo hutengenezwa tena kwa vitamini iletwayo na damu. George Wald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa uchunguzi wa mambo haya.

Bibi alipoona nguvu ya kidonge kile alitaka kuomba kimoja kila wiki. Nilimkataza. Utumbo hupunguza kugeuza karotini mwili ukitosheka. Mtu akila karotini nyingi mno viganja huwa vya manjano tu. Lakini vitamini iliyo tayari hupokelewa karibu yote, na mwili hauna njia ya upesi ya kuitoa. Mwaka 1597 mabaharia wa Uholanzi walikula ini la dubu wa nchi za barafu, ambalo lina vitamini A nyingi kupita kiasi. Waliugua sana, na watatu wakachunika ngozi toka kichwani hata miguuni. Wanawake wajawazito hasa hawapaswi kumeza kiasi kikubwa, maana humdhuru mtoto tumboni.

Bibi alisikiliza habari za dubu mpaka mwisho, akauliza kama nyama yake huliwa. Kisha akanituma kwa jirani kuomba mashina ya viazi vya Kabode, vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Tulipanda matuta manne kabla sijarudi shuleni.