Muulize Swichi Jirani Yake

Kabati la vifaa katika jengo la ghorofa nne, kebo zote za buluu, hakuna hata moja yenye lebo. Aliyezifunga aliacha kazi zamani, na ramani aliondoka nayo kichwani. Mafundi wengi tumeshasimama mbele ya kabati la namna hiyo, tukichomoa kebo mojamoja huku mwenzetu wa juu akipiga kelele: "Siyo hiyo! Jaribu nyingine!" Siku nzima inakwisha, na majibu yote swichi zenyewe zinayo.

Swichi zinazokubali mipangilio hutambulishana. Ikiwashiwa kanuni ya kujitambulisha iitwayo LLDP, swichi hutuma ujumbe mfupi kupitia kila poti kila baada ya sekunde 30: mimi ni fulani, poti hii ni namba fulani, yashike haya kwa sekunde 120. Hayo matatu ni ya lazima. Mengine ni hiari: jina ililopewa, toleo la programu yake, anwani ya IP ya kuisimamia, na kama ni swichi, ruta au simu. Mpokeaji hajibu chochote, anaandika tu kwenye orodha yake. Naye hujitambulisha kwa zamu yake. Muda ukiisha bila ujumbe mpya, jina linafutwa. Kwa hiyo usishangae kukuta orodhani kifaa ulichokichomoa dakika moja tu iliyopita.

Ujumbe huo hauvuki nyumba ya pili. Unatumwa kwa anwani maalumu, 01-80-C2-00-00-0E, ambayo swichi inayofuata kanuni haiipitishi mbele. Kwa kawaida unayemwona ndiye mliyeshikana naye kebo.

Cisco ndio waliotangulia, na CDP yao ya mwaka 1994, inayotuma kila sekunde 60. Lakini ilikuwa lugha ya nyumba moja. Mwaka 2005 IEEE ikatoa kanuni ya 802.1AB, ndiyo hiyo LLDP, ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. MikroTik nao wana MNDP yao, ila wanaelewa na zile nyingine mbili.

Kwenye Cisco, andika lldp run ndani ya mipangilio, maana mara nyingi huwa imezimwa, subiri nusu dakika, kisha show lldp neighbors. Kwenye MikroTik ni /ip neighbor print. Kwenye Linux, weka lldpd halafu lldpcli show neighbors. Tuseme umepata mstari unaosema poti yako Gi0/24 inamwona GHOROFA3-SW1 kwenye poti yake Gi0/48. Umeshajua kebo inakokwenda bila kupanda ngazi hata moja. Bandika lebo hapohapo. Ukisema utarudi kesho, hurudi. Na kama orodha nzima ni majina ya kiwandani, kosa ni letu mafundi: swichi haiwezi kutaja jina ambalo hakuna aliyeipa.

Tatizo ni kwamba swichi haichagui wa kumwambia. Ujumbe huu haufichwi wala haudai nenosiri. Yeyote atakayechomeka kompyuta kwenye tundu la ukumbi wa mikutano ataweza kusoma aina ya swichi yako na toleo la programu yake. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Armis walitangaza kasoro tano za usalama katika vifaa vya Cisco vinavyotumia CDP, wakaziita CDPwn. Basi sasisha programu, na kwenye poti za wageni zima utumaji kwa no lldp transmit na CDP kwa no cdp enable. Ila usizime kwa pupa. Simu nyingi za mezani zinazotumia mtandao huambiwa na swichi, kwa njia hiihii, ziingie VLAN gani ya sauti. Ukifunga bila kuangalia, kesho asubuhi mapokezi watakupigia kwa simu ya mkononi.

Kuna jambo moja ambalo orodha haikuambii waziwazi. Ukiona poti moja ina majirani wawili, wakati kebo ina ncha mbili tu, kuna kifaa katikati kisichojitambulisha. Mara nyingi ni swichi ndogo ya bei rahisi inayopitisha kila kitu kimyakimya. Chukua ngazi na tochi, ufungue dari: utaikuta imelala juu ya bodi, matundu matano, vumbi tele, taa zinawaka.