Kufundisha Neno Lenye Maana Nyingi: Mfano wa "Draw"

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, isipokuwa chache. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Hapo maneno yanayomkwaza zaidi si yale marefu na mageni, kwani hayo mwalimu wa somo huyaeleza yanapotokea. Yanayomkwaza ni maneno mafupi ambayo yeye na mwalimu wake hudhani ameshayajua. Mojawapo ni "draw".

Mwanafunzi huja akijua kwamba "draw" ni kuchora, na maagizo ya mitihani humthibitishia hivyo kila mara. Lakini katika kilimo atasoma kuwa ng'ombe "draw" plau. Katika historia, kuwa askari "drew" upanga. Na katika sayansi, jaribio likiisha, ataambiwa "draw a conclusion". Mwenye maana moja tu atashika penseli. Hakukosa bidii wala akili, ila alipewa nusu ya neno. Na nusu hiyo humpotezea alama katika masomo ambayo kwa Kiswahili angeyamudu.

Yafaa mwalimu aijue asili ya neno hili. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "dragan", na maana yake ilikuwa kuvuta au kukokota. Maana ya kuchora ilizaliwa baadaye, kwa kuwa achoraye huvuta kalamu juu ya karatasi. Asili hiyohiyo ndiyo iliyotoa "drawer", yaani mtoto wa meza, ambaye huvutwa ndipo afunguke. Na "draught animals", yaani wanyama wa kukokota. Mwalimu akianza na kuvuta, kuchora kutaingia mahali pake kama tawi. Akianza na kuchora, matawi mengine yatakosa shina.

Twapendekeza somo la vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza kianze kwa vitendo. Mwalimu avute mtoto wa meza, kisha pazia, kisha kamba, huku akitamka sentensi kwa kila tendo. Halafu aandike ubaoni mifano, akitoka katika vitu vya kushikika hadi visivyoshikika:

1. "Draw a cart": kukokota mkokoteni.
2. "Draw water": kuteka maji.
3. "Draw a sword": kuchomoa upanga.
4. "Draw breath": kuvuta pumzi.
5. "Draw attention": kuvuta macho ya watu.
6. "Draw a salary": kupokea mshahara.
7. "Draw a conclusion": kufikia hitimisho.

Kwa kila mfano wanafunzi waulizwe: Kinavutwa nini, na kutoka wapi? Maji hutoka kisimani, upanga alani, mshahara hazinani, na hitimisho hutoka katika ushahidi. Swali hilo moja huyafunga maana zote katika kamba moja. Hata hivyo, mwalimu asilazimishe. Timu mbili zinapotoka sare, Waingereza husema "draw", na hapo kuvuta hakuonekani tena. Maana kama hiyo na ifundishwe peke yake.

Kipindi cha pili kihusu maneno yanayoandamana. Wanafunzi watazame tena orodha na kuona kwamba kitenzi cha Kiswahili hubadilika kila nomino inapobadilika: kokota, teka, chomoa, pokea. Kisha waelekee upande wa pili, kwani "vuta" nalo lina maana nyingi. Kuvuta sigara ni "smoke", na kuvuta subira ni kungoja kwa utulivu. Hakuna tafsiri moja itoshayo kila mahali. Hapo mwanafunzi hutambua mwenyewe kwamba kukariri neno moja kwa neno moja hakutamfikisha mbali, na kwamba neno hujulikana kwa jirani zake.

Kuna mambo ya kuangaliwa. Nyakati za kitenzi hiki ni "drew" na "drawn", na wengi huchanganya "drawn" na "drown", yaani kuzama majini. "Drawback" ni kasoro, ilhali "draw back" ni kurudi nyuma. Na "draw the curtains" huweza kuwa kuyafunga mapazia au kuyafungua. Muktadha ndio uamuao.

Mwisho, kazi hii si ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Mwalimu wa sayansi aandikapo "draw a conclusion" ubaoni, na asimame dakika moja aulize: Kinavutwa nini, na kutoka wapi? Darasa likijibu kwamba hitimisho huvutwa kutoka katika matokeo ya jaribio, litakuwa limejifunza Kiingereza na sayansi kwa pamoja.