Kungoja kwa Tumaini: Habari za Adrien Atiman wa Karema

1. Majilio ni wakati wa Jumapili nne zitanguliazo sikukuu ya Noeli. Katika siku hizo Wakristo hukumbuka jinsi watu wa kale walivyomngoja Mwokozi, nao wenyewe hujiweka tayari kumpokea. Katika nchi ya Mpanda, Majilio huja pamoja na mvua za kwanza. Akiba ya ghalani imekwisha kupungua. Walakini mkulima hutwaa mbegu njema, ambayo angaliweza kuila, akaizika udongoni. Mavuno hayaoni bado, lakini hakai bure. Kungoja kwa Mkristo ni vivyo hivyo.

2. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, katika nchi za mto Niger, magharibi ya Afrika. Alipokuwa mtoto mdogo alinyakuliwa na wezi wa watu, akauzwa, akavushwa jangwa kuu la Sahara mpaka Algeria. Huko mapadre wa shirika la Kardinali Lavigerie walimkomboa kwa fedha, wakamlea. Baadaye wakampeleka kisiwa cha Malta, akasomea utabibu.

3. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, palipo sasa Mkoa wa Katavi. Ngome ya Karema ilijengwa na Wabelgiji tangu mwaka 1879, nao wakawaachia mapadre mwaka 1885. Nchi ilikuwa na taabu nyingi. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma, na watu waliokimbia hatari walitafuta kimbilio penye misioni. Hivyo mtu aliyetoka utumwani alifika mahali ambapo bado watu waliuzwa. Je, hakuwa na sababu ya kukata tamaa? Angaliweza kunena kwamba dunia ni mbovu, tena haitageuka. Lakini alishika kazi mbili: kuwatibu wagonjwa, na kuwafundisha watu dini akiwa katekista. Akaoa hukohuko, na mwanawe mmoja akawa padre.

4. Miaka ikapita. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vikafika mpaka ziwani. Ndipo mwaka 1922 sheria ya Tanganyika ikaufuta utumwa kabisa. Tangu Atiman alipofika Karema ilikuwa imepita miaka 33. Katika miaka hiyo yote hakuweza kuivunja biashara ile kwa mikono yake. Lakini kidonda kilicho mbele yake aliweza kukiosha na kukifunga. Hata baada ya sheria ile hakuacha kazi, kwa maana magonjwa yalikuwa yangaliko. Alikufa mwaka 1956, naye alikuwa ameihudumia Karema miaka 67.

5. Tumaini si kusema kwamba hakuna giza. Atiman alilijua giza kuliko wengi. Wala tumaini si kukaa kitako hata mambo yatengenee yenyewe. Mwenye tumaini humwamini Mungu kwa lile asiloliona, na hutenda lile lililo karibu na mkono wake. Mtoto asiyeweza kuzuia vita aweza kumtekea maji jirani mgonjwa. Afanyaye hivyo katika Majilio amekwisha kuanza kuitengeneza njia ya Bwana.

Maswali
1. Mkulima wa Mpanda hutufundisha nini juu ya kungoja?
2. Kwa nini kufika Karema kungaliweza kumkatisha Atiman tamaa?
3. Taja kazi moja uwezayo kumtendea jirani yako kabla ya Noeli.