SOMO LETU: GARI DOGO LINALOENDESHWA KWA REDIO



Watoto wetu huunda magari kwa waya na makopo. Mtoto hushika usukani wa waya mrefu na kukimbia nyuma ya gari lake. Leo tutasoma habari za gari jingine la kuchezea. Hili halina waya. Anayeliendesha husimama mbali, na gari linamtii. Linamtii vipi? Na mtu akitaka lipate spidi zaidi, aanze wapi?

Sehemu za gari

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1984 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari liitwalo Grasshopper, maana yake Panzi. Mwaka 2005 gari hilo lilitolewa tena. Haliuzwi likiwa zima. Mnunuzi hupata sanduku la vipande, skrubu na kitabu cha maelezo. Huliunda mwenyewe, hatua kwa hatua. Asiyefuata kitabu hushangaa mwishoni: gari limekwisha, skrubu zimebaki mezani!

Sehemu kubwa ni hizi:

1. Redio ya mkononi. Hii hutuma amri hewani.
2. Kipokeaji. Kimo ndani ya gari, nacho hupokea amri.
3. Mota ndogo ya usukani, iitwayo sevo. Hugeuza magurudumu ya mbele.
4. Kidhibiti spidi. Hupima umeme unaokwenda kwenye mota kubwa.
5. Mota kubwa. Huzungusha gia, na gia huzungusha magurudumu ya nyuma.
6. Betri. Hiki ndicho chakula cha gari.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoendeshwa kwa redio.

Kumbuka kanuni hii. Ukianza, washa redio ya mkononi kwanza, halafu gari. Ukimaliza, zima gari kwanza, halafu redio. Kwa nini? Gari lililowashwa bila redio halina bwana. Linaweza kukimbia lenyewe likagonga mtoto.

Kuongeza nguvu

Wengi wakishaunda gari hutaka lipate spidi. Basi hukimbilia mota kubwa. Hapo ndipo fedha hupotea. Mota kubwa hula umeme mwingi. Kidhibiti spidi kisichoweza umeme huo kitaungua. Gia nazo zitapata taabu, maana ni za plastiki. Ukiongeza nguvu mahali pamoja, umeongeza mzigo mahali pengine. Si ndivyo ilivyo hata kwa ng'ombe wa plau? Ukifunga ng'ombe wanne kwa mnyororo uliochakaa, mnyororo utakatika.

Anza hivi:

Kwanza, punguza msuguano. Magurudumu ya Panzi huzunguka ndani ya bushi. Watu huzitoa na kutia beringi za gololi. Gari huwa jepesi, na betri haichoki upesi.

Pili, angalia matairi. Tairi lisiloshika ardhi hupoteza nguvu bure.

Tatu, ndipo ufikirie mota. Panzi huja na mota ya namba 380. Wengi hufunga iliyo kubwa zaidi, ya namba 540. Kabla ya kuifunga, soma kwenye kidhibiti spidi kama kinaiweza.

Tupige hesabu. Betri imeandikwa 3000 mAh. Maana yake inaweza kutoa ampea 3 kwa saa moja. Tuseme mota inakula ampea 10. Gawa 3 kwa 10, utapata 0.3 ya saa, yaani dakika 18. Sasa tuseme mota kubwa inakula ampea 20. Utapata dakika 9 tu. Spidi imeongezeka, mchezo umefupishwa!

Betri inaweza kuunguza nyumba

Zamani betri za magari haya zilikuwa za nikeli, volti 7.2. Siku hizi wengi hutumia za lithiamu, volti 7.4. Hizi ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikikosewa hulipuka moto. Basi shika haya:

- Tumia chaja ya lithiamu tu. Chaja ya nikeli ni hatari kwake.
- Usichaji ukiwa umelala au umetoka. Usichaji kitandani wala karibu na nyasi kavu.
- Betri iliyovimba usiichaji tena. Usiitoboe. Iweke nje, mbali na nyumba na watoto.
- Usiitumie mpaka iishe kabisa. Kidhibiti spidi cha zamani hakijui kuikatia umeme mapema, kwa hiyo betri huharibika. Ukibadili betri, kibadili na hicho.

Umeona, msomaji? Ni lile lile tulilosema. Ukigusa kimoja, umegusa na mwenzake. Mwenye pikipiki au taa ya sola naye akumbuke hivyo hivyo kabla ya kubadili kitu.

Haya, jibu maswali haya pamoja na wenzako:

1. Kipi huwashwa kwanza, gari au redio ya mkononi? Kwa nini?
2. Betri ni ya ampea 2 kwa saa moja. Mota inakula ampea 8. Gari litakwenda dakika ngapi?
3. Simu nyingi zina betri ya lithiamu. Nyumbani kwako simu huchajiwa wapi? Je, mahali hapo ni salama?