Bastola Kiunoni, Mbwa Mbele: Tuongee Kidogo

Haya wadogo zangu, leo najibu barua moja tu. Mwandishi wake ana duka la vifaa vya ujenzi Kitengela, amejenga upande wa Kona Baridi, na ana bastola yenye leseni aliyoipata kwa sababu ya pesa za duka. Jumamosi jioni yeye na marafiki zake hushuka bondeni na mbwa, kutafuta, kwa maneno yake, "sungura, kanga, na digidigi akijileta." Kisha anauliza: "Dada, huko chini tumeona nyayo za simba, na fisi tunawasikia kila usiku. Nikitoka niibebe bastola ama niiache nyumbani?"

Nitakujibu, mdogo wangu. Ila umeruka swali la kwanza ukatua kwenye la pili.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaja kukaza kamba: kuwinda kwa starehe ni kosa, kuwinda kwa ajili ya sufuria ni kosa, kuuza nyama ya porini ni kosa na kuinunua pia. Digidigi akiingia kwenye ploti yako uliyoilipia kwa jasho, hata kama hati ina jina lako, bado si wako. Najua utaniambia kwamba vijana wanafukuza sungura na mbwa kila wikendi na hakuna anayeshikwa. Sibishani. Lakini mvulana mwenye rungu akikutana na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wakati wa machweo ana nafasi ya kujieleza, kuomba msamaha, na kuonywa. Wewe utakutwa na mbwa, nyama mbichi na silaha ya moto. Hebu jiweke katika viatu vya huyo askari. Giza linaingia, ameambiwa kuna majangili, na mbele yake anasimama mtu ambaye mkono wake unaelekea kiunoni. Yeye hajui kwamba wewe unauza misumari na mabati. Mimi simba wa bondeni hanitishi nusu ya vile hicho kitendo cha mkono kinavyonitisha.

Na hata ukitoka salama hapo, kumbuka namna leseni yenyewe ilivyopatikana. Ulieleza sababu, ukachunguzwa, ukapewa cheti. Cheti hicho ni ruhusa inayoweza kuondolewa. Wenye bunduki wanaikumbuka Desemba 2018, Waziri Matiang'i alipoamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya. Watu wazima na heshima zao walipanga foleni. Sasa uende mbele ya bodi ya leseni ukaeleze kwamba bastola ya kulinda mauzo ya duka ilipatikana Jumamosi usiku mbali na duka, karibu na digidigi aliyekufa. Utasema nini?

Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa: wacha kuwinda. Ukitaka nyama tofauti na ya mbuzi, kuna watu wanaofuga mbuni na kware kwa kibali cha KWS.   

Lakini tuseme umeacha kuwinda na bado unapenda kutembea. Nakuelewa, mandhari ya pale juu, Bonde la Ufa likifunguka mbele yako na upepo ukikupiga usoni, hayana mfano. Tuseme basi ni matembezi tu, au unafuata mbuzi wako waliopotea. Sasa je, bastola?

Sitakudanganya kwamba hakuna wanyama. Ukifuata barabara ya Magadi hadi Olkiramatian na Shompole, simba wapo na wanaishi na watu. Upande wa Kitengela, simba wa Mbuga ya Nairobi wamekuwa wakitoka kwenda kwenye nyanda za malisho tangu kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Tofauti ni kwamba siku hizi njia zao tumezijaza nyumba. Nyati wako kwenye Milima ya Ngong. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 alichukuliwa na simba jike kutoka nyumbani, kwenye ranchi inayopakana na mbuga. Kwa hiyo woga wako si wa kitoto.

Ila woga wa kweli hauifanyi bastola kuwa dawa yake. Simba akiamua kukujia huwa hakupi muda wa kufungua kifuniko cha mkoba wa bastola. Anatoka kwenye nyasi au kichaka, na umbali uliodhani unao unakwisha kabla hujamaliza kushtuka. Mkono unatetemeka. Rafiki yako yuko wapi wakati huo? Labda nyuma ya simba, labda ubavuni mwako. Mbwa wanakimbia huku na huku miguuni. Na risasi ya bastola ya kawaida imetengenezwa kwa kumfikiria binadamu. Nyati akiipata pasipo mahali penyewe, umemkasirisha tu. Ng'ambo ya Namanga, kule Longido, Tanzania, ambako uwindaji wa kulipia bado ni halali, wanaofanya kazi hiyo hutegemea bunduki ndefu yenye risasi nzito, na mgeni hutembea na mtaalamu pamoja na askari wa wanyamapori. Watu wa kazi wenyewe hawaendi kwa nyati na kitu cha kiunoni kama tegemeo lao.

Wamarekani, ambao kwao swali hili ni la kila msimu kwa sababu ya dubu, wamelifanyia utafiti. Tom Smith na wenzake walipekua visa vya watu wenye silaha waliokutana na dubu Alaska, wakachapisha matokeo 2012. Bastola zilimzuia dubu katika visa 84 kwa kila 100, bunduki ndefu 76. Najua umeshatabasamu. Subiri. Walipolinganisha waliotumia silaha na waliokuwa nayo wasiitumie, kiwango cha kujeruhiwa kilikuwa kilekile. Na huko wengi wamekua na bunduki mikononi tangu utotoni, wewe mara ya mwisho kulenga shabaha ilikuwa lini?

Hapa kwetu kuna kisa kikongwe ninachokipenda kwa ubaya wake. Juni 1900, kwenye stesheni ya Kima kule Makueni, simba alikuwa akisumbua watu wa reli. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, akaamua kumvizia usiku kutoka ndani ya behewa, yeye na wenzake wawili. Behewa, paa, kuta, bunduki, watu watatu. Zamu ya Ryall ilipofika usingizi ukamchukua, simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, akatoka naye dirishani. Bunduki ilibaki mle ndani. Kila mtu akiniambia "nikiwa na kitu changu niko salama" namkumbuka Ryall, kwa sababu kujiamini kulimweka mahali ambapo asiye na bunduki asingekubali kulala.

Na hiyo ndiyo shida yenyewe ninayoiona, mdogo wangu. Bastola itakubadilishia njia. Bila hiyo, saa kumi na moja na nusu ungekuwa umegeuka kurudi. Ukiwa nayo, unasema twende mpaka kwenye kile kichaka. Bila hiyo, ukiona nyayo mbichi ungeondoka. Ukiwa nayo unazifuata.

Tazama wenyeji wanavyofanya. Mchungaji wa Kimaasai ana rungu, sime, wakati mwingine mkuki, lakini kinachomlinda hasa ni saa na macho. Anajua ni wakati gani wa kuwa nje na wakati gani wa kuwa bomani. Haingii kwenye kichaka asichokiona ndani. Hatembei peke yake jioni kama anaweza kuepuka. Na anaongea, anapiga mluzi, anaita ng'ombe kwa majina, mnyama anamsikia kutoka mbali na kujiondokea. Wewe unayenyemelea kimya kwa ajili ya sungura unafanya kinyume cha hayo yote: jioni, kimya, vichakani. Tena na mbwa! Chui anampenda mbwa kwa mlo, na mbwa akitishwa hukimbilia wapi? Kwa mwenyewe, na kinachomfukuza nyuma yake.

Usinielewe vibaya, siwapambi wenyeji kama malaika. Juni 2012, kijiji cha Ilkeek-Lemedungi hapo Kitengela kiliua simba sita kwa siku moja, wakiwemo watoto, baada ya mbuzi kuliwa. Mei 2023, Loonkiito, simba dume wa miaka 19, alichomwa mikuki karibu na Amboseli, na ndani ya wiki hiyo simba kumi walikufa Kajiado. Hasira ya mtu aliyeamka akakuta zizi limejaa mizoga naielewa. Hakuna anayemletea mbuzi wengine kesho yake. Hata wenye mafunzo hujikuta pabaya: Machi 2016, Isinya, simba aliyeitwa Mohawk alizingirwa na umati, akamjeruhi mtu, na askari wa KWS wakampiga risasi hadi akafa. Nchi nzima ilikasirika. Wale walikuwa na bunduki za kazi, mchana, na wenzao kando. Umati ndio uliokuwa umeshaiharibu siku mapema.

Kama unachoogopa ni mifugo, kuna kijana wa huko huko Kitengela, Richard Turere, ambaye akiwa mtoto aligundua kwamba simba huogopa taa inayosogea, akaunganisha balbu, betri na paneli ndogo ya jua zikamulike kwa zamu kuzunguka boma la baba yake. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED akaieleza dunia. Funga taa hizo. Ziba zizi vizuri, waya mzito na mlango usiosukumika. Ukiona nyayo karibu na nyumba, pigia KWS siku hiyohiyo, usingoje damu.

Sasa nije kwa jambo ambalo hukuliandika lakini nalinusa. Wengi wenu mkisema simba, mnamaanisha wezi. Pale Ngong watu wameporwa wakitembea mlimani, hilo halifichiki, na ndiyo maana wapanda milima hukodi askari wa misitu waandamane nao. Fanya hivyo hata wewe. Gharama yake mkigawana kundi zima ni ndogo. Maana mwizi hatoki peke yake, na ukiwa na bastola umemwongezea kitu cha kuiba. Simu ikiibwa unalia na kununua nyingine. Bastola ikiibwa unakimbia kituo cha polisi kueleza, na tangu siku hiyo kila ujambazi wa barabara ya Namanga unakukosesha usingizi.

Nyoka? Usinichekeshe. Moma analala njiani bila kusogea hadi umkanyage. Vaa buti ndefu, beba tochi nzuri, na mtu akiumwa, hospitali mara moja; usikate wala kunyonya kidonda, na usifunge kamba ya kubana.

Lililobaki ni la nyumbani, na hapa nazungumza kama dada kweli. Umeandika kwamba mkirudi mnachoma nyama na kunywa kidogo. Marafiki, chupa, giza, na silaha kwenye mshipi. Halafu mtu anasema, "Hebu nione." Simaanishi marafiki zako ni wabaya. Kuna mkeo ndani, kuna watoto wanaojua kila mahali unapoficha peremende, achilia mbali bastola. Mtoto wa miaka minne ana nguvu ya kutosha kwenye kidole.

Kwa hiyo Jumamosi bastola inabaki kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, haina risasi ndani, na risasi zenyewe mahali pengine pa kufungwa. Ufunguo usiuweke juu ya kabati, wanaujua. Wewe utoke asubuhi badala ya jioni, mtu wa pili awe mkazi wa hapo anayejua njia, simu iwe na chaji, na mkeo ajue mmeelekea wapi. Mbwa wachanjwe dhidi ya kichaa kisha wabaki nyumbani, wabwekee fisi kutoka ndani ya ua. Mkirudi na njaa, Kiserian ina mbuzi wa kuchoma, na huyo unaweza kumla ukiwa umeketi, risiti mfukoni.