Somo la Wakati wa Mavuno: Kalanga Kavu, Nyumba Yenye Afya

Katika nchi yetu ya Kamina mvua huanza mwezi wa Oktoba na kukoma karibu na mwisho wa Aprili. Kalanga zilizopandwa na mvua za kwanza hung'olewa Januari na Februari, mvua ikiwa bado inanyesha. Mahindi hungoja shambani mpaka mvua inapokwisha. Kisha huja kiangazi, na watu hupata nafasi. Wazee husuka mikeka na vikapu, vijana huchonga michi na mipini ya majembe. Wengi huziona kazi hizi kuwa za kupitisha wakati tu. Lakini leo utajifunza ya kuwa mkeka uliosukwa katika kiangazi waweza kuwakinga watoto wako na sumu katika mavuno yajayo.

1. Adui aliye ghalani

Panya unamjua. Fukusi unawajua pia, kwa maana huacha vumbi na matundu. Adui wa tatu ni ukungu. Huyu hupenda mambo matatu: unyevu, joto, na punje iliyopasuka au kutobolewa na wadudu. Ukungu wa namna moja, wenye rangi ya kijani na manjano, hutia sumu ndani ya kalanga na mahindi. Waganga huiita aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu.

Sumu hii ilijulikanaje? Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza. Wataalamu walitafuta sababu, wakaiona katika chakula cha ndege hao, kilichotengenezwa kwa kalanga zenye ukungu. Wala si ndege tu wanaokufa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu nyumbani mwao. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale hayakutoka mbali. Mengi yalikuwa ya mashamba yao wenyewe.

Labda utasema, "Mimi nitayapika sana." Sikiliza vizuri. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Kukaanga kalanga hakutoshi, wala kuusonga bukari muda mrefu hakutoshi. Kuosha hakuiondoi yote. Nayo haina harufu wala ladha ya kukuonya.

2. Sumu hufanya nini mwilini?

Hupiga ini. Mtu akila nyingi kwa siku chache, hutapika, tumbo huuma na kuvimba, macho huwa manjano, naye aweza kufa upesi. Mtu akila kidogo kidogo kila siku, hasikii maumivu yo yote. Lakini baada ya miaka mingi saratani ya ini yaweza kutokea, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B. Kwa hiyo usikose kumpeleka mtoto kwenye chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, maana ndani yake mna kinga ya ugonjwa huo.

Tena imeonekana ya kuwa watoto wanaokula sumu hii kwa wingi mara nyingi hawakui kama wenzao. Mama akiila, kidogo hupita katika maziwa yake. Mama, usiache kunyonyesha kwa sababu hii. Acha kalanga mbaya.

3. Fanya hivi

Kwanza, ng'oa kwa wakati wake. Pasua maganda machache na kutazama ndani. Yakiwa na madoa meusi au ya kahawia upande wa ndani, kalanga zimekomaa. Ukichelewa, ukungu huanza udongoni. Angalia jembe lisikate maganda; zilizokatwa zitenge na kuzila kwanza.

Pili, kung'uta udongo, pindua mashina ili kalanga zitazame jua, mizizi juu na majani chini. Baada ya siku mbili au tatu za jua, zichambue kutoka katika mashina.

Tatu, zitandaze juu ya mkeka au uchanja wa matete, usizimwage juu ya udongo. Tandaza safu nyembamba, uzigeuze mara kwa mara kila siku. Wingu likitokea, kunja mkeka upesi na kuuingiza ndani. Jioni zifunike, maana umande nao ni maji. Usizirundike zikiwa mbichi hata usiku mmoja. Rundo bichi hupata joto, na ukungu hufurahi.

Nne, zihifadhi na maganda yake, maana ganda ni nguo ya kalanga. Menya zile tu utakazozitumia. Wala usizilowanishe maji ili zimenyeke kwa urahisi. Desturi hiyo huokoa vidole na kuharibu chakula.

Tano, weka magunia juu ya mbao au miti, mbali kidogo na ukuta. Ghala isimame juu ya miguu, na kila mguu uvishwe bati ili panya asipande.

Yusufu aliweka nafaka za Misri miaka saba. Lakini Misri ni nchi kavu, na hewa ya kwetu katika wakati wa mvua ni ya maji. Kwa hiyo ghala yetu yataka kazi zaidi ya ghala ya Yusufu.

4. Kupima mahindi kwa chupa na chumvi

Utajuaje ya kuwa mahindi yamekauka? Twaa chupa kavu ya kioo na chumvi kavu. Jaza theluthi ya chupa kwa punje za mahindi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, ufunge. Tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi isiposhikamana, yaweza kuingia ghalani.

Kwa kalanga, tikisa ganda karibu na sikio. Likilia, kalanga imeanza kukauka. Kisha sugua punje kwa vidole. Ngozi yake ikitoka kwa wepesi, ni vizuri.

5. Zilizoharibika zifanywe nini?

Neno hili ni gumu kwa mama mwenye kikapu kimoja na watoto watano. Kutupa chakula ni uchungu. Lakini jua hili: sumu haienei sawasawa katika gunia. Mara nyingi iko nyingi sana katika punje chache zilizo mbaya. Kwa hiyo mwaga kalanga juu ya ungo mweupe, mchana, ukaondoe zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, na zilizopasuka. Ukiondoa sahani moja ya mbaya, waweza kukiokoa kikapu chote. Lakini gunia likiwa na ukungu kila mahali, halifai tena.

Zile mbaya usizisage kuwa unga au siagi ya kalanga, maana hapo ubaya hufichwa tu. Usizitie katika uji wa mtoto. Usipikie pombe mahindi ya namna hiyo. Usiwape kuku, bata wala mbuzi. Zifukie shimoni.

Wala usiziuze. Kamina ni mahali ambapo njia za reli hukutana, na gunia linalouzwa hapa laweza kuliwa mbali, na mtoto usiyemjua jina. Nawe unaponunua sokoni, nunua kalanga unazoweza kuziona punje kwa punje, uzisage mwenyewe nyumbani.

Watu wa nyumba yako wakianza kuwa na macho ya manjano na tumbo kuvimba, usingoje. Nenda hospitalini siku ile ile, ukachukue kidogo cha chakula mlichokula ili waganga wakione.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Ukungu hupenda mambo gani matatu?
2. Kwa nini kupika sana hakutoshi?
3. Katika nyumba yako, kuna mikeka mingapi ya kuanikia? Nani atasuka mingine katika kiangazi hiki?
4. Kalanga mbaya za mwaka jana zilikwenda wapi?

Swali la tatu mlijibu pamoja, baba, mama na watoto, kabla mvua za Oktoba hazijarudi.